Daftari Kwanza, Programu Baadaye

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa Karagwe na Kyerwa, kila mara tunaletewa programu mpya ya simu ya kutunza kumbukumbu za shamba. Semina inafanyika, mnapakua, mnapigwa picha. Baada ya mwezi nikipita vijijini sikuti anayeitumia. Kisha sisi wataalamu tunasema mkulima hapendi kumbukumbu. Si kweli. Kasoro iko kwenye programu.

Programu inauliza: shamba hili lina zao gani? Inakubali moja tu. Kibanja chetu kina migomba, mibuni na maharage chini yake. Inataka hekta, wewe unahesabu ekari. Inataka kilo, wewe maharage umeuza kwa debe. Maelezo ni ya Kiingereza. Bando likiisha haifunguki. Ukisahau neno la siri, kazi ya msimu mzima imefungiwa ndani. Nyingine huanza bure, ukishaizoea inadai malipo.

Wakati huo hesabu zako hazisubiri. Kahawa unapeleka AMCOS leo, malipo yanakuja baada ya mnada. Ukipeleka mara 6, na kila mara zikaandikwa pungufu kilo 2, umepoteza kilo 12. Utadai kwa ushahidi gani? Na aliyeingia kwenye butura, ingawa imekatazwa, kama hakuandika chochote, atakayemwambia deni lake ni huyo huyo anayemdai.

Nunua kaunta buku. Chora safu tano: tarehe, jambo lililofanyika, kiasi, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka. Andika debe kama umeuza debe. Madeni yaanzie nyuma ya daftari, na kila anayekopa asaini. Stakabadhi ya AMCOS ibandike kwenye ukurasa wa siku hiyo. Kila Jumapili piga picha kurasa za wiki, mtumie mwanao au ndugu yako kwa WhatsApp. Daftari likilowa au likiungua, nakala ipo.

Wanaotuletea programu nawaambia: kaeni kwanza na mkulima wa Nkwenda au Nyaishozi, muone anaandika nini na kwa vipimo gani. Mkitengeneza inayofuata daftari lake, kwa Kiswahili, inayofanya kazi bila intaneti, mimi mwenyewe nitaitembeza kijiji kwa kijiji. Kwa sasa, nikifika shambani kwako nitaomba kuona daftari.