Cheti cha Ukaguzi Hakitoshi

Dai kwamba mnunuzi wa gari dogo la milango mitano lililotumika mjini Gisenyi atosheke na cheti cha ukaguzi wa polisi, ni la hatari, kwa kuwa ukaguzi huo hupima breki, taa na moshi wa siku ile bila kufungua injini. Milima ya barabara ya Kigali hulemaza klachi, yaani sahani inayounganisha injini na giaboksi, na joto la injini inapopanda huweza kuunguza gasketi ya silinda hedi. Rejeta ikionyesha mafuta juu ya maji, ambayo ni dalili ya gasketi hiyo kuungua, gari hilo liachwe, hata kama rangi yake inang'aa. Zulia la buti nalo lifunuliwe, maana raba ya mlango wa nyuma ikichakaa, mvua huingia na kutu huanzia hapo.