UCHAMBUZI: Kutu ya Soya na Umuhimu wa Utafiti wa Mbegu Usiokatika

Soya si zao geni nchini; ililetwa Amani, Tanga, mwaka 1907. Kilichobadilika ni soko. Tangu China ilipofungua milango yake kwa soya ya Tanzania mwaka 2020, wakulima wamehimizwa kupanua mashamba. Lisilozungumzwa sana ni aina ya mbegu inayopandwa katika mashamba hayo.

Adui mkubwa ni kutu, ugonjwa unaosababishwa na fangasi aitwaye Phakopsora pachyrhizi, ambaye husambazwa na upepo bila kujali mipaka. Uliripotiwa Uganda mwaka 1996, Zambia na Zimbabwe mwaka 1998, na Afrika Kusini mwaka 2001. Majani hupata madoa ya kahawia, hunyauka na kupukutika kabla maganda hayajajaa. Viuatilifu vipo, lakini gharama ya kupulizia mara kwa mara humwelemea mkulima mdogo.

Uganda ilitegemea mbegu. Mwaka 2004 iliidhinisha Maksoy 1N, iliyotokana na mbegu mama ya IITA, kisha Maksoy 3N mwaka 2010. Kazi haikuishia kwenye aina ya kwanza, na sababu ni ya kibayolojia: fangasi huyu ana makundi mengi, na ukinzani unaotegemea jeni moja huweza kushindwa kundi jipya linapojitokeza. Kwa hiyo watafiti hujaribu kukusanya jeni kadhaa za ukinzani, zijulikanazo kama Rpp, ndani ya aina moja. Maua huchavushwa kwa mkono, kisha vizazi huchujwa msimu baada ya msimu hadi mimea ifanane.

Ukinzani pekee hautoshi. Mmea usilale, maganda yasipasuke kabla ya kuvunwa, na mavuno yawe mazuri katika kanda zaidi ya moja. Hapa ndipo takwimu hupotosha: aina iliyofanya vizuri mahali pakavu, pasipo na kutu, haijathibitisha lolote kuhusu ugonjwa huo. Majaribio katika maeneo yenye unyevunyevu hayana mbadala.

Lipo pia suala la fedha. Soya hujichavusha yenyewe, hivyo mkulima anaweza kutunza mbegu yake kwa misimu kadhaa. Jambo hilo humfaa yeye, lakini hupunguza hamu ya makampuni kuwekeza. Ndiyo maana mzigo wa utafiti hubaki kwa taasisi za umma, na bajeti yake ikikatika kwa misimu miwili, fangasi haisubiri.

Kwa sasa wakulima wanashauriwa kununua mbegu zenye lebo ya TOSCI, na kumwarifu afisa ugani mara madoa yanapoonekana chini ya majani.