Sukuma Yako Inauawa na Huruma

Nitasema mapema ili tusipotezeane wakati. Sukuma wiki nyingi zinazokauka kwenye magunia na ndoo za rangi hapa Kiamaiko hazifi kwa kukosa kitu. Zinakufa kwa kupewa sana: maji ya ziada, mbolea ya ziada, na siku hizi teknolojia ya ziada. Zinauawa na huruma, na sisemi mtaa wa Huruma tunaopakana nao. Nasema ile huruma ya moyoni.

Najua mmezoea nikipiga kelele kuhusu Linux na bei ya intaneti. Mboga zimeingiaje? Zimeingia kwa sababu mmea unaodhoofu ni mfumo ulioharibika, na kurekebisha mifumo iliyoharibika ndiyo kazi inayonilisha. Pia zimeingia kwa sababu sisi waandishi wa programu tumeivamia kazi ya shamba kwa kiherehere, tukauza majibu kabla ya kusikiliza swali. Leo nataka tusemane.

Kwanza tuelewane kwamba kilimo cha gunia si mchezo wa watu wenye nafasi. Baada ya ghasia za uchaguzi, mwaka 2008, shirika la Solidarités la Ufaransa lilieneza bustani za magunia kule Kibera ili watu wapate mboga bila kungoja lori. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ikapitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Na hapa kwetu, kwenye ghorofa zilizobanana hadi jirani anaweza kukupitishia chumvi dirishani, gunia moja mlangoni ni sufuria ya jioni kwa mtu ambaye siku hiyo hakupata kibarua. Gunia likifa, kuna nyumba inarudi kwa mama mboga na pesa ambazo haina.

Sasa fanya jaribio hili. Mmea wako uko kwenye ndoo, majani yanageuka manjano, nawe ndiyo mara yako ya kwanza kupanda kitu. Tafuta msaada mtandaoni. Ukitafuta kwa Kiswahili utapata maelezo ya shamba la ekari nzima. Ukitafuta kwa Kiingereza, haichukui muda utajikuta mikononi mwa wakulima wa bangi.

Usicheke. Wale watu wameandika. Kanada iliruhusu bangi mwaka 2018, na sheria ya nchi hiyo inakubali hadi mimea minne kwa kila nyumba. Ujerumani iliruhusu mwaka 2024, mimea mitatu kwa mtu mzima. Mtu mwenye mimea mitatu hawezi kung'oa mmoja akasema liwalo na liwe. Kwa hiyo amejifunza kuusoma mmea jani kwa jani: umelegea asubuhi au jioni? Njano imeanzia juu au chini? Ncha zimeungua au zimejikunja? Hapa Kenya kupanda bangi kumekatazwa na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, na hata Marasta waliokwenda Mahakama Kuu mwaka 2021 kuipinga walikwenda na mawakili, si na miche. Kwa hiyo sikutumi kupanda. Ninachosema ni aibu tu: maelezo yenye subira kuliko yote kuhusu mmea mmoja unaougua ndani ya chombo yameandikwa kwa ajili ya bangi, na mama mwenye gunia moja la sukuma anaambiwa mbolea kwa ekari. Gunia lake ni sehemu ya ngapi ya ekari? Hakuna anayemwambia. Basi anakisia, na anakisia kwa huruma, yaani anazidisha.

Haya, tuingie kazini. Sheria ya kwanza ya kufufua mmea ni ile ile ya kompyuta iliyoganda: toa mikono kwanza. Usiongeze maji, usitie mbolea, usihamishe. Angalia.

Tumbukiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Ikiwa udongo umekauka na majani yamelegea, ni kiu, mwagia polepole hadi maji yaanze kutoka chini, hadithi imeisha. Lakini ikiwa udongo ni tope na majani bado yamelegea, mmea wako unazama. Mizizi inapumua. Inahitaji oksijeni iliyo kwenye vitundu vidogo vya udongo, na maji yakijaza vitundu hivyo kila siku mizizi inakosa hewa na kuanza kuoza. Mzizi uliooza hauwezi kunywa, kwa hiyo majani yanalegea kana kwamba yana kiu. Mwenye mmea anaona yamelegea, anaongeza maji. Mmea unalegea zaidi, naye anaongeza zaidi. Waandishi wa programu wenzangu mnaujua mzunguko wa namna hii, ule usio na mlango wa kutokea hadi mtu achomoe waya kwenye umeme.

Kuchomoa waya hapa ni kuacha kumwagia, kutoboa mashimo chini ya ndoo kama hayapo, na kungoja udongo wa juu ukauke. Ukiwa na gunia, uliza kama lile bomba la mawe la katikati liliwekwa. Gunia zuri lina nguzo ya mawe inayopitisha maji kutoka juu hadi chini. Wengi huyaacha mawe kwa sababu ni mazito kuyabeba, kisha hushangaa juu kukiwa tope na chini kukiwa vumbi.

Pili, soma majani. Njano ikianzia kwenye majani ya chini, yale ya zamani, mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni: mmea unaitoa kwa wazee na kuwapa watoto wanaochipuka juu. Njano ikianzia kwenye majani machanga huku mishipa ikibaki kijani, mara nyingi ni madini ya chuma, ambayo mmea hauwezi kuyahamisha namna hiyo. Na huenda yamo udongoni tele ila udongo umezidi ualkali na mizizi haiwezi kuyachukua. Ncha zikiwa za kahawia na zimekauka kama zimechomwa na kibiriti, shuku mbolea iliyozidi. Miche ikiwa mirefu, myembamba na iliyopauka, shida ni jua, na katika vichochoro vyetu jua ni mgeni wa saa chache. Hesabu saa hizo. Sukuma inataka kama 6 kwa siku. Hakuna mbolea inayoziba pengo la jua.

Umeona? Njano moja, sababu mbili, na maji mengi pia huleta njano. Mtu anayekimbilia duka la pembejeo na kurudi na DAP ana bahati nasibu mkononi. Na kiganja cha DAP kwenye gunia si dawa. Ni chumvi, na chumvi ikizidi huvuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuyaingiza.

"Lakini sisi tuna samadi ya bure!" Kweli, Kiamaiko hatukosi mbuzi. Nairobi nzima inakuja hapa kununua nyama, na kinyesi kinabaki nasi. Samadi ya mbuzi ni mali. Lakini mali hiyo ikiwa mbichi inatoa amonia inayounguza mizizi, na ikitoka machinjioni inaweza kubeba vijidudu vya tumbo ambavyo hutaki kwenye jani litakalopikwa dakika tatu. Irundike, ifunike, igeuze, uiache miezi kadhaa hadi isiwe na joto wala harufu. Damu ya machinjioni nayo ina naitrojeni nyingi sana. Kuimwaga kwenye gunia ni kuwaalika nzi na kuuchoma mmea kwa siku moja. Na udongo wenyewe usiuchukue popote. Mwaka 2007 UNEP ilichapisha uchunguzi kuhusu jaa la Dandora: kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kinachokubalika kimataifa. Udongo mweusi wa karibu na jaa unapendeza macho, lakini jani halina uwezo wa kukwambia limenyonya nini.

Sasa niwageukie wenzangu. Mtaani kwetu alipita kijana mwenye fulana ya kampuni akiuza vihisi vya unyevu: waya mbili za kuchomeka udongoni na kisanduku cha taa. Jirani yangu wa ghorofa ya kwanza aliniita, "Kijana wa kompyuta, hebu niangalizie hiki kitu, kinaniambia mboga imeshiba maji na mimi naona udongo ni mkavu." Kitu hicho hakikuwa kibovu. Kinapima jinsi umeme unavyopita udongoni, na umeme hupita vizuri kwenye maji yenye chumvi. Udongo uliojaa mbolea humdanganya kwamba una maji mengi. Tena vihisi vya bei rahisi vya aina hiyo, umeme ukiviingia muda wote, huliwa na kutu, na kila wiki vinasoma uongo mpya. Kidole cha jirani yangu hakina kutu. Nilimwambia akiamini kidole.

Mtasema napinga maendeleo. Sipingi. Programu ya Nuru ya PlantVillage, iliyoanza na magonjwa ya mihogo, ninaivulia kofia: inazungumza Kiswahili na inafanya kazi bila mtandao. Hao waliuliza swali kwanza. Lakini hata kamera bora inaona jani tu. Haioni mzizi uliooza, haijui ulimwagia mara ngapi wiki hii, wala haijui kwamba ghorofa mpya ya jirani imekula jua lako la asubuhi. Hayo anayajua mwenye gunia, na kazi yetu ilikuwa kumsaidia ajiulize, tusimuuzie kioo cha kutazamia.

Mbinu yenyewe haigharimu hata shilingi, na ni ile tunayoitumia kusaka kosa katika programu. Badilisha kitu kimoja tu. Andika tarehe ukutani kwa mkaa. Ngoja wiki moja au mbili. Ukibadilisha maji, mbolea na mahali siku moja, mmea ukipona hutajua kilichouponya, na ukifa hutajua kilichouua. Usipime mafanikio kwa majani ya zamani, kwa sababu jani lililokwisha kuwa njano kabisa halirudi kijani. Hilo ni kumbukumbu ya makosa ya mwezi uliopita. Angalia jani jipya la juu. Likitoka safi, umeshinda, kaa hapo hapo. Na ikiwa shina limekuwa jeusi na laini pale linapoingia udongoni, ng'oa, zika, panda mwingine. Kung'oa kwa wakati kunaokoa miche iliyobaki kwenye gunia.

Kwa hiyo ninawadai wenzangu wa Nairobi kitu kidogo. Kabla ya kuomba ufadhili wa programu nyingine ya "kilimo cha kisasa", andikeni ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa mtu mwenye gunia moja. Uwe mwepesi, ufunguke kwenye simu ya bei ndogo, uchapike kwenye karatasi moja ya kubandikwa ukutani. Ukiulizwa "jani la chini ni njano, nifanye nini?" ujibu kwanza, "Weka kidole udongoni." Wakulima wa bangi wa Kanada waliandikiana maelezo hayo bila kungoja wizara yoyote. Sisi tunaokula mboga tunangoja nini?