Mwambieni Mama Yake Mfupa Uko Wapi

Mgonjwa aliyeondolewa kipande cha fuvu hajapona bado, hata kama anatembea, anakula na amesharuhusiwa kurudi nyumbani. Nasema hivyo nikiwa muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza katika chumba cha upasuaji Dar es Salaam, na sasa naishi Bagamoyo, ambako majirani bado wananiita Sista na kunigongea mlango kila anaporudishwa mtu na bandeji kichwani. Hoja yangu ni moja. Siku mgonjwa wa namna hii anaporuhusiwa, ndugu zake waondoke wodini wakijua mfupa wake uko wapi, utarudishwa lini na nani atalipa. Tena waandikiwe.

Kisa cha haya yote kinaanzia barabarani. Njia ya kutoka Mwenge kupitia Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga hadi kwetu imejaa bodaboda, na tangu kipande cha Bagamoyo hadi Msata kitiwe lami, malori na mabasi ya kaskazini nayo yanapita hapa. Sina ugomvi na bodaboda. Ndiyo riziki ya vijana wetu, na usiku wa manane mama mwenye uchungu wa kujifungua huko Mlingotini hana usafiri mwingine. Lakini dereva akivaa helmeti, abiria wake hana. Mara nyingine helmeti ipo, imening'inizwa kwenye usukani. Wataalamu waliokusanya tafiti za nchi mbalimbali walikuta kwamba helmeti inapunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Asiyeivaa akianguka, ndugu wanakimbilia polisi kuchukua fomu ya PF3, wanapita hospitali ya wilaya, kisha inaandikwa rufaa: Tumbi kule Kibaha, au moja kwa moja Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 na ambayo ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa vichwa vilivyovunjika nchini.

Huko ndani kinachotokea ni hiki. Ubongo uliopigwa huvimba, au damu huvuja na kuganda ndani. Fuvu la mtu mzima halitanuki, kwa hiyo ubongo unajibana wenyewe, mishipa inakabwa, damu safi haipiti, mtu anazama katika usingizi asioamka. Dawa zikishindwa kushusha uvimbe, daktari anakata kipande cha mfupa, mara nyingi kikubwa kuliko kiganja, anakiweka kando na kushona ngozi juu ya ubongo bila mfupa. Ubongo unapata pa kupumulia.

Upasuaji huo unaokoa maisha, na ushahidi upo. Mwaka 2016 ulitoka utafiti ulioongozwa kutoka Cambridge, Uingereza, wa wagonjwa 408 ambao presha ndani ya fuvu ilikuwa imegoma kushuka. Baada ya miezi 6, katika waliotibiwa kwa dawa peke yake walikuwa wamefariki asilimia 48.9, katika walioondolewa mfupa, asilimia 26.9. Utafiti huohuo ulisema na upande wa pili: baadhi ya waliookoka walibaki na ulemavu mzito. Ndugu waambiwe yote mawili kabla ya kutia saini.

Sasa, mfupa wenyewe unakwenda wapi? Penye friza maalumu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, unafungwa, unaandikwa jina na kuhifadhiwa. Pasipo friza hiyo, au penye umeme usioaminika, daktari anachana ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe na kuulaza mfupa humo, kwenye mafuta chini ya ngozi. Mwili wake unautunza mpaka siku ya kuurudisha. Na kama ulivunjika vipande vipande au uliingiwa na mchanga wa barabarani, haufai tena. Unatupwa kwa utaratibu wa hospitali na baadaye anawekewa kitu kingine.

Njia hizi zote ni halali na zinajulikana duniani. Tatizo ni pale mgonjwa anaporudi nyumbani na hakuna aliyemweleza mamaye ni ipi iliyotumika.

Mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia na kijana wake, dereva wa bodaboda aliyegongwa na gari dogo. "Shikamoo, Sista," akasema, kisha akampandisha mwanawe shati bila maneno mengine. Upande wa kulia wa tumbo palikuwa na kovu refu lililoshonwa vizuri, na chini yake nilipopapasa nikakuta kitu kigumu, chembamba, chenye ukingo uliopinda. Mama alikuwa ameshasikia kila aina ya neno. Shemeji yake alimwambia mtoto ana uvimbe mbaya. Mganga alimwambia ni kitu alichotupiwa, na alikuwa ameshadai kuku na fedha ili akitoe kwa wembe. Na kuhusu kichwa, mtaa mzima ulikuwa umekata shauri: mfupa umeuzwa.

Nilimshika mkono nikauweka palepale tumboni. "Mfupa wa mwanao huu hapa, mdogo wangu. Hakuna aliyeuuza." Alikaa kwenye mkeka akalia. Wembe wa mganga ungeutia mfupa usaha, na mfupa uliooza haurudi kichwani.

Wenzangu wa hospitali wana tabia ya kucheka wanaposikia uvumi wa mifupa kuuzwa. Mimi sicheki. Hii ni nchi ambayo fuvu la mtu mmoja, Mtwa Mkwawa wa Wahehe, liliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kwamba Wajerumani walirudishe, na likarudi Kalenga mwaka 1954. Watu waliodai fuvu kwa zaidi ya nusu karne hawawezi kuambiwa kwamba kuulizia kipande cha kichwa cha mtoto wao ni ujinga. Ni swali la haki na jibu lake ni sentensi moja.

Maisha bila mfupa ule ni magumu kuliko yanavyoonekana. Ukimtazama kijana akiwa amekaa, ngozi imebonyea, na ukitulia unaona inacheza kwa mapigo ya moyo. Akikohoa au akiinama kufunga viatu, inavimba. Halalii upande ule. Kwenye daladala ya Makumbusho ndugu zake wanamkalisha mbali na dirisha, maana kioo kikitikisika kwenye tuta kinaweza kumgonga. Hapaswi kukaa chini ya mnazi, na hapa Pwani kivuli kingine kiko wapi? Kubeba tenga la samaki kichwani ndiyo basi. Pikipiki ndiyo basi kabisa. Na watoto wanamkimbia. Hilo la mwisho linaumiza vijana kuliko yote, ingawa hawalisemi mbele ya mama zao. Nimewaona wanavyovuta kofia hadi kwenye nyusi wakipita mbele ya watu.

Kuna jambo jingine ambalo hata baadhi ya wahudumu hawalijui. Ngozi ikizama sana, hewa ya nje inaugandamiza ubongo usio na ngao. Mtu anaanza kuumwa kichwa anaposimama, kizunguzungu, hasira za ghafla, usahaulifu, na wengine mkono au mguu wa upande wa pili unalegea. Hali hii ilielezwa na madaktari tangu mwaka 1939. Ndugu wanadhani ni ulemavu wa ajali ile na wanamkatia tamaa. Wengine wao, mfupa ukirudishwa, wanapata nafuu ambayo mazoezi peke yake hayakuwapa. Kwa hiyo anayeuita upasuaji huu wa pili urembo anakosea, na bima inayouweka katika fungu la urembo inakosea zaidi.

Kwa kawaida mfupa hurudishwa kati ya miezi 3 na 6, uvimbe ukiwa umeisha na kidonda kikiwa kikavu kabisa. Wapo madaktari wanaowahi zaidi. Mgonjwa analazwa usingizi, ngozi inafunguliwa kwenye kovu lilelile, kisha inatenganishwa na utando wa ubongo pole pole. Hapo ndipo muda mwingi unakwenda, na hapo chumba kizima kinanyamaza. Mfupa unasafishwa, unalazwa mahali pake na kufungwa kwa vibati na skrubu ndogo au kwa nyuzi imara.

Kama mfupa wenyewe haupo, kuna wavu wa titani, na kuna simenti ya mifupa, ambayo kwa nchi zetu ndiyo nafuu. Ni unga na maji yake. Vikichanganywa vinatoa harufu kali anayoifahamu yeyote aliyekaa saluni wanapobandika kucha za bandia. Ikishalainika, daktari anaifinyanga kwa vidole, anaibonyeza ifuate mviringo, huku akiangalia upande mzima wa kichwa ili pande mbili zifanane. Kisha inaanza kupata joto kali inavyokauka. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha maji safi ya chumvi yapo tayari, yamwagwe bila kukatika, joto lisiufikie ubongo. Dakika chache tu, na kile kilichokuwa laini kinagonga kwa mlio mgumu. Nimefanya kazi nyingi katika ajira yangu, na hakuna niliyoipenda kuliko ile ya kushika bakuli la maji wakati kichwa cha mtu kinarudi kuwa kichwa.

Sisemi ni upasuaji mwepesi. Vidudu vinaweza kuingia, damu inaweza kuvuja, degedege inaweza kumpata ambaye hakuwa nayo, na mfupa uliorudishwa, hasa kwa watoto, mara nyingine huliwa na mwili taratibu ukapungua. Mgonjwa akiona kidonda kinatoa maji au homa inapanda, arudi siku hiyohiyo asingoje tarehe ya kliniki.

Kufungua fuvu si jambo jipya: jirani zetu Wakisii wa Kenya walifanya hivyo kabla ya hospitali. Daktari Edward Margetts, aliyefanya kazi Nairobi katika miaka ya 1950, aliandika jinsi waganga wao walivyokwangua mfupa wa mtu aliyesumbuliwa na maumivu ya kichwa baada ya kupigwa, na wengi wakaishi. Walichokuwa hawana ni njia ya kuliziba tundu. Leo sisi tunayo. Wataalamu wapo MOI, wapo Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, na ng'ambo ya bahari hii tunayoitazama kila siku, Mnazi Mmoja Unguja, kuna kituo cha upasuaji wa ubongo kilichojengwa kwa ushirikiano na wakfu wa NED wa Hispania. Ujuzi upo. Kinachomkwamisha kijana wa Bagamoyo ni kwamba familia iliuza kiwanja au pikipiki kulipia kipimo cha CT, kitanda cha mahututi na upasuaji wa kwanza. Wa pili unapofika, mfuko ni mtupu, na karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa tu "arudi kliniki".

Najua madaktari wetu wanavyochoka. Nimesimama nao mpaka alfajiri. Lakini kuandika "mfupa uko tumboni upande wa kulia, urudishwe baada ya miezi 3" kunachukua muda mfupi kuliko kuvaa glavu, na muuguzi wa wodi anaweza kuliandika hilo na kuisomea familia kwa sauti.

Kwa upande wa fedha, tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Wanaopanga kitita chake cha huduma wauhesabu upasuaji wa kwanza na wa pili kuwa matibabu ya ajali moja. Na kila chombo cha moto kinatakiwa na sheria kuwa na bima, walau ile tunayoiita bima ndogo. Kampuni za bima zinapomlipa aliyegongwa, zihesabu na gharama ya kumrudishia mfupa, zisifunge faili kwa sababu ametoka wodini. Ofisi za ustawi wa jamii hospitalini nazo ziwaite hawa wasiojiweza kabla miezi haijapita, maana wao hawajui kama wana haki ya kuomba msamaha wa gharama.

Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mtu mwenye ngozi inayobonyea kichwani, chukua kadi yake ya hospitali, hata kama imechakaa, umpeleke alikopasuliwa na kuuliza mfupa wake ulihifadhiwa wapi. Usiruhusu mtu amguse tumboni kwa wembe. Na usiogope kwamba mmechelewa: hata mwaka ukiwa umepita, upasuaji huo bado unafanyika.