Tumshikie mama daftari

Katika vikundi vyetu kuna wauguzi wanaojifunza usiku, watoto wakiisha kulala, ili wafaulu mtihani wa kutunza wagonjwa mahututi, kule reanimasyo. Sisi walimu tunajua: kusoma daftari mara kumi si sawa na kuulizwa likiwa limefungwa. Basi tuwaulize!

Tuchukue kipimo cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974 kwa kupima fahamu za mgonjwa. Macho yana alama 4, maneno 5, mwendo wa viungo 6, jumla 15. Ya chini kabisa ni sifuri? Hapana, ni 3, kwa sababu kila sehemu inaanzia 1. Mgonjwa akiwa na 8 ama chini yake, njia yake ya pumzi iko hatarini. Hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kushika karatasi na kumuuliza mama yake.

Robo saa kila siku inashinda usiku mmoja wa kukesha. Na saa ile, mwingine nyumbani aoshe vyombo. Mgonjwa wa reanimasyo mara nyingi hawezi kusema. Muuguzi aliyejifunza vizuri ndiye atamsemea.