Kubali kupitwa, ulipe deni

Kama umetoka Misa ya kwanza na chai iko mezani, nina swali dogo kabla hujafungua ukurasa wa michezo. Kuna mtu uliyemkwepa leo kanisani kwa sababu anakudai? Ulitokea mlango wa pembeni ili msikutane? Usinijibu. Lakini ujue kwamba padre akiwa altareni anaona mengi. Anaona nani amehama benchi lake la miaka yote na kwenda kukaa upande wa pili. Zamani nilidhani ni ugomvi. Siku hizi najua kwamba mara nyingi ni deni.

Leo nataka kukusimulia habari za mwalimu mmoja wa shule ya msingi huku Mungaa, wilayani Ikungi. Tulizungumza barazani, si katika kitubio, na ameniruhusu niandike bila jina lake.

Novemba ya mwaka juzi, mvua zilipoanza, mwalimu huyu alianza kukimbia. Ana miaka arobaini na moja, watoto wanne, na hajawahi kuwa mwanariadha. Alitaka kukimbia marathoni yake ya kwanza, ile ya Kilimanjaro inayofanyika Moshi kila mwaka kuelekea mwisho wa Februari, kilomita zote 42 na mita 195. Alinunua raba za mtumba mnadani, akawa anaamka alfajiri kabla ya shamba na kabla ya kengele ya shule. Mimi nilikuwa nakutana naye njiani nikienda kwenye vigango na pikipiki. Siku moja nilisimama nikamtania, nikamwuliza anamkimbia nani. Akacheka, akasema, "Padre, nikiwa nakimbia hakuna anayenidai."

Sentensi hiyo sikuisahau. Januari alipokuja nyumbani kuomba ushauri nilikuwa nimeshahisi habari yenyewe. Wenzake wanne walikuwa wanajiandaa kwenda Moshi. Yeye alitaka kukopa kidogo kwenye simu apate ada, nauli na mahali pa kulala, kisha atalipa mshahara ukitoka. Nikamwuliza mshahara wenyewe unatoka lini. Akakaa kimya, halafu akasema kadi yake ya benki hana. Iko kwa mtu.

Nilimpa kalamu. Alikuwa na daftari lake la maandalio ya somo, akafungua ukurasa wa nyuma kabisa, akaandika. Ahadi ya ujenzi wa kanisa, 300,000. SACCOS, 1,200,000. Duka la jirani, 185,000. Shemeji yake, 400,000. Na yule mwenye kadi, 600,000. Jumla 2,685,000. Aliniambia hajawahi kuziona zote mahali pamoja. Mkewe alikuwa anajua mbili tu.

Hebu tazama lile la mwisho, maana ndilo linaloua watu wetu. Wananchi wameliita kausha damu, na hawakukosea. Alikopa laki sita kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Kila mwisho wa mwezi mkopeshaji anakwenda kwenye mashine na kadi ya mwalimu, anachukua 180,000 ya riba, na laki sita inabaki palepale kama jiwe la Singida. Kwa miezi minane alikuwa ameshatoa 1,440,000 na hajapunguza hata shilingi moja ya deni. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa aina hii wenye leseni. Kwa laki sita hiyo ni 21,000. Na ile mikopo ya kwenye simu aliyoitamani? Novemba hiyohiyo ya 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Mwalimu alikuwa anataka kutoka kwenye mdomo wa mamba mmoja akiwa amepanda mgongo wa mwingine.

Lakini kilichonichoma mimi ni mstari wa kwanza, wala si wa mwisho. Mtu ana nyumba inayoungua, na deni analoliandika la kwanza ni la kanisa. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Lile nilisimama mbele za watu, Padre."

Ndiyo. Alisimama mbele za watu, na mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti. Nakumbuka Jumapili ile. Tuliita wa laki tano kwanza, wakapigiwa makofi. Tukaita wa laki tatu. Mwalimu hakuwa na laki tatu, lakini alikuwa amekaa karibu na mwalimu mwenzake aliyesimama. Huwezi kubaki umekaa.

Nilimwambia alikate lile deni la kwanza, aliandike la mwisho. Alishangaa kusikia hayo kwa padre. Lakini si maneno yangu. Bwana wetu anasema kwamba ukiwa umefika altareni na sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, uende ukapatane naye kwanza (Mt 5:23-24). Tumezoea kuisoma aya hiyo kuhusu magomvi. Isome kuhusu muuza duka. Na katika Injili ya Marko sura ya 7 Yesu anawakaripia waliokuwa wakitangaza mali yao kuwa wakfu kwa Mungu na hivyo kuwanyima wazazi wao haki yao. Mungu hapokei kwa furaha fedha ambayo ni ya shemeji yako.

Kisha tukasoma pamoja 2 Wafalme sura ya 4, ile habari ya mjane ambaye mdai alikuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakumpa fedha. Alimwuliza ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta, basi. Nabii akamtuma kwa majirani aazime vyombo vitupu, tena vingi, afunge mlango, amimine, auze mafuta, alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Sisi tunaokamua alizeti tunaipenda hadithi hii kwa sababu ya mafuta. Ila mimi nimeihubiri miaka mingi bila kuona jambo moja. Vyombo vitupu haviazimwi kwa siri. Mama yule aligonga mlango kwa mlango, na bila shaka kila mlango uliuliza, vya nini vyote hivi? Kabla ya muujiza, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba nyumba ile ina shida. Alifunga mlango baadaye, wakati wa kumimina.

Mwalimu alikuwa na alizeti kwenye magunia, mavuno ya msimu uliopita, akingoja bei ipande. Jioni ile alikwenda nyumbani akamwonyesha mkewe daftari. Nasikia mama hakusema neno hadi usiku wa manane, na alilosema halikuwa tamu. Lakini asubuhi walitoa magunia pamoja. Wakauza, wakaongeza mbuzi wawili, wakaenda na mzee mmoja wa jumuiya yao kama shahidi, wakalipa laki sita yote kwa mkupuo mmoja na kuchukua kadi. Siku hiyohiyo akabadilisha namba ya siri.

Na Moshi? Hakwenda. Ile akiba ndogo aliyokuwa ameanza kuiweka kwa ajili ya safari, pamoja na sehemu ya mshahara wa kwanza alioushika kwa mkono wake mwenyewe, ililipa duka. Wenzake wanne walipanda basi. Jumamosi ile alikimbia kilomita 30 peke yake kwenye barabara ya vumbi, Jumapili akaja Misa, mchana akaangalia picha za wenzake kwenye simu wakiwa na medali shingoni. Aliniambia hiyo ndiyo kilomita ngumu kuliko zote.

Hapo ndipo ninapotaka uketi nami kidogo. Mtu yeyote aliyewafundisha wakimbiaji wapya atakuambia wanavyoharibikiwa. Si kwa uvivu. Mbio zinaanza, miguu ni myepesi, watu wanampita, naye hawezi kuvumilia kupitwa. Anaongeza mwendo awafuate. Kilomita ya tano yuko nao, ya kumi yuko nao. Ikifika ya thelathini na kitu, nguvu iliyohifadhiwa mwilini imekwisha, miguu inakuwa magogo, na wazee wenye mwendo wa polepole wanampita mmoja mmoja akiwa amekaa kando ya barabara. Mwalimu alijifunza hilo kwa mwili wake katika barabara zetu. Mwezi mzima alikimbia polepole kiasi kwamba watoto wa shule walikuwa wanampita wakimzomea. Aliwaacha wampite.

Sasa tazama madeni yako. Ni mangapi uliyakopa kwa njaa au ugonjwa, na ni mangapi uliyakopa kwa sababu ulikuwa unapitwa? Jirani ameezeka bati la rangi. Kamati ya harusi imekutumia kadi ya mchango yenye kiwango kilichokwisha kuandikwa. Kipaimara cha mtoto wa mwenzako kilikuwa na keki na maturubai, cha kwako kitakuwaje na wali tu? Sisemi kila deni ni la fahari. Nimewazika watu ambao familia zao zilikopa kwa ajili ya hospitali, na sitathubutu kuwahubiria. Lakini hata deni la haki hulipwi na mtu asiyekubali kupitwa, kwa sababu kila mwezi kitatokea kitu cha kukimbilia.

Wana Singida tumepata mfano mzuri mwaka jana. Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa wilaya hii yetu ya Ikungi, aliipatia Tanzania medali ya kwanza ya dhahabu katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha. Wengi tunakumbuka zile hatua za mwisho tu, alipompita Mjerumani Amanal Petros mbele ya mstari, wote wakiandikiwa saa 2:09:48, tofauti yao sehemu tatu za mia za sekunde. Mimi nakumbuka kwamba hata walipoingia uwanjani Mjerumani alikuwa mbele. Kwa zaidi ya saa mbili Simbu alikubali kuona migongo ya watu. Na kama mfano wa mshindi unakutisha, yuko John Stephen Akhwari wa Mbulu, Mexico 1968. Alianguka njiani, akaumia goti na bega, akaingia uwanjani akichechemea kwa saa 3:25:27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye alikuwa wa 57. Nani leo anamkumbuka wa 40?

Neno moja kwako unayekopesha, maana najua na wewe unasoma, na baadhi yenu mnapokea Komunyo. Kitabu cha Kutoka 22:26-27 kinamwamuru aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani amrudishie kabla jua halijazama, kwa kuwa ndilo analojifunika usiku. Kadi ya mshahara ndiyo vazi la siku hizi. Karne ya 15 Wafransisko kule Italia walianzisha nyumba za kukopesha maskini kwa riba ndogo ili kuwaokoa na walanguzi, na mwaka 1515 Papa Leo wa Kumi alizihalalisha. Seminarini tulijifunza hilo kwa ajili ya mtihani. Laiti ningelikumbuka siku nilipokuwa na kipaza sauti.

Mwalimu bado hajamaliza. Baada ya mavuno ya mwaka jana alimlipa shemeji yake, na sasa wanakula pamoja. SACCOS imebaki 480,000, inakatwa kidogokidogo. Kuna jambo alilonieleza akicheka: kwa miezi kadhaa alikuwa anakimbia kwa kuzunguka nyuma ya shule ili asipite mbele ya lile duka. Siku aliyolipa alirudi kwenye barabara yake ya zamani, na muuza duka akatoka nje kumpigia makofi. Februari hii anakwenda Moshi. Ada ameshalipa, nauli mkewe ameiweka kwenye kopo, na hakuna senti ya mkopo ndani yake.

Ile ahadi ya laki tatu nilimwambia tunaweza kuifuta. Amekataa. Anasema itafuata baada ya SACCOS, na nisimtangaze.

Sitamtangaza yeye wala mwingine. Mwaka jana niliiomba halmashauri ya walei tuache kuwaita watu kwa viwango, kila mtu atoe bahasha yake, na orodha ya ukutani iwe ya majina bila tarakimu. Tulibishana mikutano miwili. Mhasibu wetu, mzee mwaminifu, bado ananinunia kidogo. Ananiambia kila mwezi kwamba ujenzi umepunguza mwendo, na ukuta wa upande wa sakristia haujafika kwenye lenta. Ni kweli, nimekwenda kuuangalia.