Kumbukumbu ya Msemaji wa Kumuse si Ghala
Wapo wahakiki ambao, wakirekodi kumuse, yaani hotuba ya matanga ya mzee wa Kibukusu, huko Bungoma na Kitale, hulinganisha matini mbili za fanani mmoja na kuihesabu kila tofauti kuwa usahaulifu. Dai hilo halina mashiko. Mwaka 1932 Bartlett alionyesha jinsi wasomaji wake wa Cambridge (wasomi hao!), waliposimulia upya ngano ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, walivyogeuza mitumbwi kuwa mashua. Kukumbuka ni kuunda upya. Msemaji anayevirefusha vita vya Chetambe vya 1895 mbele ya vitukuu vya waliopigana, na kuvifupisha kwingineko, ameitambua hadhira yake. Hiyo ndiyo akili. Mhakiki anayeziunganisha matini hizo apate moja “sahihi” anakifuta kile kile alichokwenda kukirekodi.